Betri mpya, koili iliyopikwa: kisa cha Land Rover ya Mtama

Gari lilizima mara tatu ndani ya wiki moja, na mara zote tatu lilizima sehemu ileile, ukikaribia Mnazi Mmoja, pale njia ya Masasi inapokutana na ya Lindi na Mtwara. Ni Land Rover Series III ya petroli, injini ya silinda nne yenye sentimita za ujazo 2,286, mali ya bwana shamba mstaafu anayeishi Mtama. Alilinunua kwenye mnada wa magari ya serikali zaidi ya miaka ishirini iliyopita na hajawahi kufikiria kuliuza. Mimi ni fundi umeme wa magari, niko Lindi mjini. Simu yake ilinikuta nimelala chini ya Fuso nafunga alteneta.

"Mwanangu, limekata tena. Mafuta yapo, betri mpya, lakini limekata."

Mpaka siku hiyo gari lilikuwa limeshapita kwenye mikono mitatu. Fundi wa kwanza alibadilisha chujio la petroli na kusafisha kabureta. Wa pili alifungua pampu ya petroli, akaweka mpira mpya, akaosha na kile kikombe cha kioo kinachokusanya uchafu. Wa tatu aliweka plagi mpya nne. Kila mmoja aliliwasha, likanguruma vizuri, akapokea hela yake. Mzee akiingia barabarani, baada ya nusu saa hivi linaanza kumisi, linakosa nguvu, linazima. Akikaa chini ya mti saa nzima, linawaka kama halijawahi kuumwa.

Mpwa wake, ndiye anayemwendesha siku hizi, alikuwa amegundua dawa yake mwenyewe. Gari likizima analowesha tambara kwa maji, analifunga kwenye pampu ya petroli, anasubiri, anawasha. Likiwaka anasema: unaona? Petroli inachemka kwenye pampu. Na wazo lake halikuwa la kijinga. Oktoba huku kwetu jua halina huruma, na petroli kweli huweza kugeuka mvuke ndani ya bomba lililo jirani na injini, pampu ikabaki inavuta hewa. Dalili zake zinafanana mno na za ugonjwa wa upande wa umeme: gari linazima likiwa moto, linawaka likipoa. Kwa hiyo swali lote la kisa hiki mwanzoni lilikuwa moja tu. Ni petroli, au ni umeme?

Nilichukua bodaboda na mkoba mdogo. Nilipofika gari lilikuwa limeshapoa, likawaka papo hapo. Hapo ndipo mafundi watatu wa mwanzo walipokosea, na siwalaumu kwa ubaya, maana mteja akiwa amesimama pembeni unaona aibu kusema "ngoja kwanza liharibike". Lakini ugonjwa unaokuja na joto huwezi kuupima kwenye ubaridi. Nikamwambia mpwa wake tugeuze, turudi barabara ya Mtama, tuendeshe mpaka litakapozima lenyewe. Mzee alinitazama kama mtu aliyeomba gari lake liumie. Baada ya dakika kama ishirini na tano likaanza kukohoa, likafa.

Nikafungua boneti haraka, kabla joto halijaondoka. Nilitoa bomba la hewa juu ya kabureta, nikavuta mkono wa mafuta na kuchungulia ndani. Petroli ilirushwa kama mkojo wa panzi, safi, kila nilipovuta. Mafuta yapo, yanafika. Nikarudisha bomba la hewa mahali pake, maana sitaki mvuke wa petroli wazi wakati natafuta cheche. Kisha nikachomoa waya mkubwa wa katikati unaotoka kwenye koili, kile kikopo kinachogeuza volti chache za betri kuwa maelfu ya volti za plagi, kwenda kwenye kofia ya distribyuta, inayogawa umeme huo kwa kila plagi, nikaushika kwa koleo yenye mpira, ncha ikiwa milimita tano hivi kutoka kwenye chuma cha injini, mpwa akapiga stata. Moto ulitoka wa njano, mwembamba, mara upo mara haupo. Koili yenye afya inatoa cheche ya buluu nyeupe na mlio unaousikia hata stata ikiwa inazunguka. Huu ulikuwa moto wa mgonjwa.

Nikaweka kiganja juu ya koili. Sikuweza kuhesabu mpaka tatu.

Kwenye mkoba huwa natembea na koili moja kuukuu ninayoiamini. Sikuifunga kwa bolti. Niliiunganisha kwa waya za kubana, nikaifunga kwenye fenda kwa mpira wa tairi, nikamwambia piga. Pampu ya petroli bado ilikuwa ya moto, hakuna tambara, hakuna kusubiri, hatujagusa kitu kingine chochote. Gari likawaka mzunguko wa kwanza. Tukaendesha mpaka Lindi mjini na ile koili inaning'inia kama mtoto mgongoni, halikumisi hata mara moja. Tambara la maji halikuwa limetibu kitu. Kilichotibu ni zile dakika za kusubiri, koili ikapata kupoa pembeni bila mtu kuiangalia.

Kwa fundi anayetaka kumaliza kazi, kisa kingeishia hapo: koili mbovu, weka mpya. Mimi hakikuniridhisha. Koili ya gari la zamani haina kinachozunguka, haina kinachosuguana. Ni nyaya za shaba zilizozungushwa kwenye kiini cha chuma ndani ya kopo lenye mafuta. Nyingi huishi kuliko injini zenyewe. Hii ilikuwa nzima wiki mbili nyuma, sasa imekufa. Kuna kilichoiua, na nisipokijua nitamfungia mzee koili mpya aende akaiue tena.

Nikiwa gereji niliipima koili ikiwa imepoa. Njia ya kwanza, ile ya waya mnene, ilisoma omu 3.1. Ya pili, ya waya mwembamba kama unywele, nayo ilisoma kawaida. Vijana wangu wawili wakasema, "Kaka, koili nzima hii." Kwa mita ni kweli. Mita inapima kwa volti chache, na kwa volti chache ile varnishi inayotenganisha mzunguko na mzunguko inashikilia vizuri. Injini ikiwa kazini, waya ule mwembamba unabeba maelfu ya volti, na varnishi iliyoungua ikipata joto inavuja. Umeme unaruka kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine humohumo ndani ya kopo badala ya kwenda kwenye plagi. Hakuna mita ya mkononi itakayokuonyesha hilo.

Macho yalionyesha zaidi. Pale mdomo wa kopo unapokunjwa kushika kofia nyeusi, palikuwa na mstari wa mafuta uliokamata vumbi jekundu la Mtama, na rangi ya kopo upande mmoja ilikuwa imegeuka kahawia. Mafuta yale yalisukumwa nje. Joto la kuyasukuma nje halitokani na safari ya kawaida.

Nikaagiza chai ya rangi, nikamkalisha mzee kwenye benchi. Nikamuuliza gari lilifanyiwa nini kabla halijaanza haya. Hakuna, akasema. Betri tu, aliweka mpya, ya ampea-saa 70, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imechoka na wajukuu walishachoka kulisukuma. Nikamuuliza kama aliwahi kuacha swichi imewashwa. Akakataa kwa nguvu, yeye si mtu wa kusahau. Ni mpwa wake aliyesema polepole, "Mjomba, ile siku ya redio."

Msimu wa korosho ulikuwa umefunguliwa, na mzee alitaka kusikia habari za mnada. Redio yake ya nyumbani ilikuwa imeharibika. Akaingia kwenye gari chini ya mwembe, akafungua ufunguo, akawasha redio, akakaa. Ilikuwa saa saba mchana. Wakaja jirani wawili, wakasimama dirishani, mazungumzo yakawa ya bei, ya salfa, ya nani amepeleka mzigo ghalani na nani bado. Alitoka kama saa tisa. Taa nyekundu ya chaji iliwaka muda wote huo. Na kuna kitu alikikumbuka nilipomuuliza kuhusu harufu: palikuwa na harufu kama lami iliyochemka, akadhani ni barabara, jua lilikuwa kali.

"Lakini redio na koili wapi na wapi?"

Redio ile ilifungwa miaka mingi nyuma na mtu aliyetafuta waya wa karibu wenye umeme. Akaunganisha kwenye waya mweupe. Katika magari ya Uingereza ya enzi hizo waya mweupe ndio unaotoka kwenye swichi kwenda kwenye koili. Kwa hiyo huwezi kusikiliza redio kwenye gari hili bila kuipa koili umeme.

Sasa angalia kinachotokea. Umeme wa betri unapita kwenye swichi, unaingia kwenye waya mnene wa koili, unatoka, unakwenda kwenye pointi ndani ya distribyuta, yaani vile vidomo viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana injini ikizunguka, na pointi zikiwa zimefunga (zinagusana) unafika kwenye ethi, yaani chuma cha gari. Koili inajaa sumaku. Pointi zikifunguka, sumaku inaanguka ghafla na waya mwembamba unazaa ule moto mkubwa wa plagi. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, hilo hutokea mara 100 kila sekunde. Kila mara umeme unakatwa kabla haujatulia, koili inapumua, na feni inapuliza hewa juu yake.

Zima injini, acha ufunguo. Kama pointi zimesimama zikiwa wazi, hakuna kinachopita, koili iko salama mpaka kesho. Kama zimesimama zikiwa zimefunga, umeme unapita moja kwa moja, haukatwi. Volti 12 kwa omu 3 ni ampea 4, na ampea 4 kwa volti 12 ni wati 48. Chukua balbu ya taa kubwa ya mbele, ifungie ndani ya kopo la maziwa lililojaa mafuta, juu ya injini ambayo nayo imetoka safarini, saa saba mchana, na boneti umeifunga. Iache saa mbili. Ndivyo koili ya mzee ilivyopikwa.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema neno ambalo lilinifanya niweke kikombe chini. "Fundi, mimi nasikiliza redio kwenye gari hili tangu nililinunua. Mbona miaka yote haikuungua?"

Ni swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka huo, na sikuwa na jibu la haraka. Wazo la kwanza lilikuwa bahati ya pointi. Tukaenda kulijaribu. Nilifunga testa, ile taa ndogo ya kupimia, kutoka upande wa koili unaokwenda kwenye distribyuta hadi ethi: pointi zikifunguka taa inawaka, zikifunga inazimika. Tuliwasha injini na kuizima mara sita, kila mara nikiangalia ilivyosimama. Mara tano pointi zilikuwa zimefunga. Nilipozungusha kwa hendeli polepole nikaona sababu. Injini ya silinda nne ikizimwa, mgandamizo unairudisha, nayo hupenda kutulia pistoni zikiwa takriban katikati ya njia. Pointi hufunguka pistoni ikikaribia juu, hukaa wazi kidogo, na kufikia nusu ya njia zimeshafunga tena. Yaani injini hii ina mazoea ya kusimama pale pabaya. Kwa hiyo bahati haikuwa jibu. Kwa bahati hiyo koili ingekuwa imekufa siku nyingi.

Jibu lilikuwa betri. Ile ya zamani ilikuwa imechoka kiasi kwamba redio ilianza kukoroma baada ya nusu saa hivi, mzee akawa anazima mwenyewe kwa hofu ya kusukuma. Na hata kabla ya kuzima, volti zikishuka joto hushuka haraka zaidi: koili ileile ikipata volti 8 badala ya 12, wati 48 zinakuwa 21 hivi. Betri mbovu ndiyo iliyokuwa inailinda koili, na hakuna aliyejua. Betri mpya ya ampea-saa 70 ilitoa ampea 4 za koili na kidogo cha redio kwa saa mbili bila kutetereka. Mzee alipopiga stata saa tisa gari likawaka kwa kishindo. Kila kitu kilionekana kizuri, na varnishi ilikuwa imeshaungua.

Hapa ndipo ninapotaka wenye magari ya pointi wanisikie. Tumefundishwa wote kwamba ukisahau ufunguo utakuta betri imekufa. Tukikuta betri ni nzima tunashukuru na kuondoka. Kwenye gari la pointi betri ni hasara ndogo, unaichaji inarudi. Koili hairudi. Na dereva aliyezoea magari ya siku hizi hawezi kulijua hili kwa uzoefu, kwa sababu kompyuta ya gari lake ikiona injini haizunguki inaikatia koili umeme yenyewe. Land Rover ya mwaka 1975 haina wa kuikatia. Ni wewe na ufunguo wako.

Kwenye koili mpya nusura tuharibu tena. Kijana wangu alikwenda dukani na ile ya zamani mkononi, akarudi na kopo linalofanana kwa kila kitu, limeandikwa volti 12, muuzaji kamwambia ni ileile. Akaanza kukaza bolti. Nikamwambia apime kwanza. Mita ikasoma omu 1.5.

Koili ya omu 1.5 si mbovu. Imetengenezwa kwa magari yenye rezista ya nje, ambayo hupunguza volti kabla hazijafika kwenye koili, na stata ikizunguka rezista inarukwa ili moto uwe mkali. Land Rover hii haina rezista hiyo. Ukiifunga hivyo hivyo, ampea zinakuwa 8 na wati 96, injini ikiwa imesimama. Hata bila redio ingeunguza pointi ndani ya safari chache, na mzee angerudi kwangu akidhani nimemdanganya. Na kinyume chake pia kipo: koili ya omu 3 kwenye gari lenye rezista inatoa moto dhaifu, gari linawaka kwa shida asubuhi. Maandishi "volti 12" juu ya kopo hayakuambii lolote kuhusu hili. Mita ya bei ya chini kabisa inakuambia kwa sekunde mbili, ukiwa bado umesimama kwenye kaunta. Tuliipata ya omu 3 kwa mtu wa Mtwara anayeuza spea za magari ya zamani, ikaja na basi la asubuhi.

Pointi nilizifungua. Uso mmoja ulikuwa umegeuka buluu na una kishimo, nao ulikuwa umekaa na zile ampea 4 kwa saa mbili. Niliweka mpya na kuacha mwanya wa milimita 0.38. Kondensa, kile kikopo kidogo kinachozuia cheche kwenye pointi, niliiacha. Vijana walitaka tubadilishe vyote kwa pamoja, nami nikakataa, kwa sababu kondensa mbovu nayo inaleta moto wa njano, na nikibadilisha vitu vitatu kwa mara moja sitajua kamwe ni kipi kilichokuwa kinamsumbua mzee. Koili yangu ya majaribio ilifanya kazi na kondensa ileile ya zamani, kwa hiyo kondensa ilikuwa imeshatoa ushahidi wake.

Redio nikaihamisha. Ina waya wake sasa, moja kwa moja kutoka betri, na fyuzi yake na swichi yake ndogo chini ya dashibodi. Akisahau kuizima itamaliza betri, basi, wajukuu watasukuma.

Tulilijaribu kutoka Lindi hadi Nyangao na kurudi, saa saba mchana makusudi. Nyangao tulisimama, nikafungua boneti, nikaweka kiganja juu ya koili mpya. Ilikuwa ya moto kiasi cha chai unayoweza kushika kikombe chake. Nikamwita mzee naye aweke mkono, aujue mwenyewe ule moto wa kawaida, siku nyingine asihitaji kunipigia simu ili kuutofautisha. Aliuacha mkono pale muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Wiki iliyofuata alinipigia. Nyuma ya sauti yake nilisikia mtangazaji anasoma bei za mnada.

"Uko kwenye gari, mzee?"

"Niko kwenye gari. Ufunguo uko mfukoni."